Siku Mbili Ruaha Zinatosha, Ukikubali Kukaa Mahali Pamoja

Kwenye daraja la Ibuguziwa, mahali unapovuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mama aliteremsha kioo cha gari akachungulia chini. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Chini yetu palikuwa na mchanga mweupe, mawe, na dimbwi moja refu la maji ya rangi ya chai ya maziwa, viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo. Maji yalikuwa yamesimama tuli.

"Huu ndio Ruaha?" akaniuliza.

"Ndio huu, mama."

Hakusema neno jingine mpaka tulipofika Msembe, makao makuu ya hifadhi.

Mama amezaliwa na kukulia Ubaruku, Mbarali, mkoani Mbeya, upande wa juu wa mto huohuo. Ameolewa, amehama, amezeeka Morogoro, lakini akisema "mtoni" bila kutaja jina, ujue anasema Ruaha. Hifadhini hakuwahi kuingia hata siku moja. Ndiyo sababu nilimpeleka, na nafasi niliyopata kazini ilikuwa ya siku chache tu: Ijumaa alfajiri kutoka Morogoro, kulala Iringa, Jumamosi kuingia, Jumapili kutoka.

Watu wengi walinishauri niache. Ruaha kwa siku mbili ni kupoteza mafuta, waliniambia. Nenda Mikumi, lami inapita katikati, unaona tembo ukiwa barabarani, jioni umerudi nyumbani. Mikumi naipenda na nimeshakwenda mara kadhaa. Lakini ushauri ule umejengwa juu ya wazo ambalo kwangu si sahihi, kwamba hifadhi ikiwa kubwa unahitaji siku nyingi ili uimalize. Ruaha ina kama kilomita za mraba 20,000. Mkoa wote wa Kilimanjaro ungeingia humo na nafasi ikabaki. Sehemu kubwa ya eneo hilo haina hata barabara. Njia nyingi za watalii ziko upande wa mashariki, kando ya mto na karibu na Msembe. Kwa hiyo ukikaa siku mbili, au kumi, hutaimaliza. Hifadhi hii haikuwekwa ili mtu aimalize.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kufanya kinyume chake. Miaka iliyopita nilikwenda na kundi kwenye hifadhi nyingine, ya kaskazini. Dereva alikuwa na simu ya upepo, na siku nzima ilikuwa kukimbizana: chui yuko kule, geuza gari; simba wamepatikana, kaza mwendo. Tukifika tunakuta magari tisa yamemzunguka mnyama mmoja, tunapiga picha, tunaondoka. Kiingilio kinahesabiwa kwa saa, kila mtu anaangalia saa yake, na dereva naye anajua asipokuonyesha simba utalalamika. Nilirudi na picha mia nne. Ukiniuliza leo upepo wa kule ulinukia nini, au ndege gani walikuwa wakilia asubuhi, sina jibu.

Safari hii tuliongozana na kijana wa Tungamalenga, kijiji cha jirani na hifadhi, anayefanya kazi ya kuongoza wageni. Nikamwambia: tuna siku mbili, tupeleke sehemu mbili tu, na ukizima gari usiwashe mpaka mama aseme. Alitabasamu, akauliza kama nina uhakika. Kisha akatupeleka Mwagusi.

Mwagusi ni mto wa mchanga. Masika unashuka kwa nguvu, kiangazi unaona mchanga mtupu, lakini maji yanakuwa yamejificha chini. Tulifika saa mbili asubuhi tukaegesha chini ya mgunga mkubwa. Kwa karibu nusu saa hapakutokea kitu zaidi ya ndege mmoja, hondohondo wa mdomo mwekundu, yule aliyepewa jina la Ruaha lenyewe, akirukaruka chini akitafuta wadudu. Halafu wakaja tembo. Majike wanne na watoto wao, bila kelele, wakashuka kwenye mchanga kama watu wanaojua wanakokwenda. Jike kubwa likasimama mahali fulani ambapo mimi sikuona tofauti yoyote na pengine, likaanza kukwangua kwa mguu wa mbele. Likakwangua, likaondoa mchanga kwa mkonga, likakwangua tena. Baada ya muda mkonga ukazama shimoni, ukatoka, ukaingia mdomoni. Maji.

Mama akanishika mkono. "Tulikuwa tunafanya hivihivi," akasema. "Mto ukichafuka, tunachimba mchangani pembeni. Maji yake masafi kuliko ya mtoni."

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Tembo walipoondoka wakaja nyani kwenye shimo lilelile, wakafuata swala pala, kisha tandala mkubwa dume, pembe zimejiviringisha kama zilizosokotwa kwa mkono. Huyu alisimama mbali kwa muda mrefu sana kabla ya kuthubutu kusogea. Magari mawili yalipita nyuma yetu, yakapunguza mwendo, yakaona hakuna simba, yakaendelea. Niliwaonea huruma kweli. Shimo moja lililochimbwa na jike mmoja lilikuwa likinywesha wanyama wa kila aina mbele ya macho yetu, na ilihitaji kukaa tu ili ulione hilo.

Hapo ndipo ukubwa wa Ruaha uliponiingia, nikiwa nimekaa kimya na gari limezimwa. Yule jike amejifunza kwa mama yake mahali pa kuchimba. Mvua zikinyesha, kuanzia Desemba hivi, watatawanyika kwenye miombo kule magharibi ambako sisi hatutafika kamwe, na kiangazi watarudi hapahapa. Ili hiyo nusu saa ya uchimbaji iwepo, lazima kuwe na maelfu ya kilomita za pori wasilofika watalii. Sehemu nisiyoiona ndiyo inayoilisha sehemu ninayoiona. Mtu akiniambia kwamba hakuona hata robo ya hifadhi, kwangu hiyo ni habari njema.

Mchana tulipumzika chini ya mbuyu. Mibuyu ya Ruaha ina makovu. Kiangazi kikikolea tembo huchubua magome na kutafuna nyama ya ndani ya shina, kwa kuwa ina unyevu. Mmoja tuliouona ulikuwa umechimbwa tumboni kiasi cha mtu kuingia, na bado matawi yalikuwa hai. Mama aliuzunguka kwa macho muda mrefu bila kusema kitu. Ruaha ni mahali ambapo savana ya migunga ya Afrika Mashariki inakutana na miombo ya kusini, ndiyo maana unakuta tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, na ndege wa aina zaidi ya 500. Usiku tulilala kwenye mabanda ya hifadhi Msembe. Simba tuliwasikia, hatukuwaona. Mama alisema ilimtosha, na mimi pia.

Sasa nirudi kwenye mto, maana tangu pale darajani haukunitoka kichwani.

Neno Ruaha linatokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto. Yaani hifadhi yenyewe imebeba jina la maji. Na tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukisimama wakati wa kiangazi, kwa wiki na hata miezi, ndani ya hifadhi inayoitwa kwa jina lake. Ukienda Septemba hadi Novemba unaona viboko na mamba wamesongamana kwenye madimbwi machache. Wageni wanapiga picha wakidhani ndivyo ilivyo siku zote.

Si hali ya siku zote. Mama anaukumbuka mto ukitiririka hata Novemba, na kumbukumbu zake zinalingana na za wataalamu wa maji. Kinachotokea kinaeleweka vizuri. Maji ya milima ya Uporoto na Kipengere hushuka kwenye bonde la Usangu, yakakusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, ambako kuna kizingiti cha mwamba. Fikiria beseni lenye ukingo: maji yakiwa juu ya ukingo, yanamwagika na mto unatiririka. Yakishuka hata kidogo chini ya ukingo, hata kama beseni bado lina maji, tone halitoki. Na yanayoingia kwenye beseni yamepungua kwa sababu huko juu mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vyenye milango ya kuchepushia maji, yamefunguliwa na mifereji inapeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Masika si tatizo, maji ni mengi. Tatizo ni kiangazi, mifereji inapoachwa wazi kwa matumizi ya nyumbani, bustani na vitalu vya mapema vya mpunga, na maji mengi yanapotea njiani bila kumfaa mtu yeyote.

Mwaka 2001 serikali iliahidi hadharani kwamba kufikia 2010 mto huu, Ruaha Mkuu kwa jina kamili, utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo la Usangu, pamoja na Ihefu, likaunganishwa na hifadhi. Mto bado unakauka. Wapo waliozoea kuwatupia lawama wafugaji peke yao, na hilo silikubali. Baadhi ya walioondolewa walikuwa majirani wa ukoo wetu. Waliondoka na ng'ombe wengine wakafia njiani. Kama mzigo wote ungekuwa wao, maji yangekuwa yamerudi. Mimi nanunua mchele wa Mbeya kila mwezi, naupenda, nawapikia watoto wangu. Sehemu ya mchele huo imelimwa kwa maji ambayo yule kiboko pale Ibuguziwa anayasubiri. Nikilaumu, lazima nijiweke na mimi kwenye orodha.

Sisemi watu waache kulima mpunga. Wajomba zangu wanalima, na ndio uliomsomesha mama yangu. Nasema banio lifungwe wakati shamba halihitaji maji, mifereji isakafiwe, na jumuiya za watumia maji zipewe nguvu ya kweli badala ya mihuri tu. Maji hayohayo yakitoka hifadhini yanaenda kwenye mabwawa ya umeme, Mtera kisha Kidatu, hatimaye yanaingia Rufiji. Taa ninayowasha Morogoro nayo imo ndani ya habari hii.

Hii ndiyo sababu natamani Watanzania wengi zaidi waende Ruaha, hata kwa siku mbili, na waende kiangazi. Kiingilio kwa raia ni shilingi elfu chache tu. Gharama kubwa ni gari. Kodini pamoja, familia mbili tatu, na chukueni mwongozaji wa vijiji vya jirani. Vijiji hivyo vina jumuiya yao ya hifadhi, MBOMIPA, jina lililotokana na Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, na hela yako ikibaki pale inawafikia watu ambao tembo wanaingia mashambani mwao. Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o, wale nzi wanaouma, wanavutwa na rangi hizo. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi mtakavyoviona vimening'inizwa porini ni mitego yao. Chukueni maji ya kutosha, chakula na darubini. Na mkifika, chagueni sehemu moja, zimeni gari.

Jumapili asubuhi hatukwenda kutafuta kitu kipya. Mama aliomba turudi Mwagusi. Shimo la jana lilikuwa limejaa mchanga, na pembeni yake palikuwa na jipya, na nyayo za mtoto wa tembo zimelizunguka pande zote. Tulikaa mpaka jua lilipokuwa kali.

Tulipotoka na kufika Tungamalenga, mtandao ukarudi, na mama akaniomba nimpigie mdogo wake, Ubaruku. Nilidhani anataka kumsimulia tembo. Akamsalimia, akaulizia watoto, akaulizia mpunga. Kisha akasema:

"Banio lenu sasa hivi limefungwa au liko wazi?"

Mjomba alisitasita kidogo. "Dada, hilo sijui. Ufunguo anao mwenyekiti."

"Basi kamuulize," mama akasema. "Nenda leo, halafu unipigie. Mimi nimetoka kuuona mto."