Nunua sefu kwanza, bastola baadaye

Rafiki yangu wa Kisasa, hapa Dodoma, amepata kibali baada ya kuzunguka mtaa, kata, wilaya mpaka mkoa. Sasa ananiuliza anunue bastola gani ya kujifunzia shabaha. Nikamuuliza ataiweka wapi. Akacheka. "Juu ya kabati, kaka. Watoto hawafiki pale."

Watoto gani hao? Wa kwangu hujua biskuti za Idi ziliko kabla mama yao hajamaliza kuzificha. Kigoda kimoja kinatosha. Na nyumba zetu hazikai familia peke yake: leo kuna mpwa kutoka Kondoa anayetafuta kazi, kesho shangazi kaja kutibiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, kaongozana na wajukuu wawili. Utawaambia wote kwamba juu ya kabati hapaguswi? Ukiwaambia, umeshawaonyesha.

Kwa hiyo sefu kwanza. Iwe ya chuma na ikazwe ukutani kwa bolti, maana sefu ndogo iliyowekwa tu sakafuni mwizi huibeba pamoja na kilichomo. Bastola iingie humo ikiwa tupu: magazini (kibweta cha risasi) imetolewa, chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) imekaguliwa kwa macho na kwa kidole. Risasi zikae kwenye sanduku jingine lenye kufuli lake. Ufunguo usining'inie pamoja na wa gari, kwa sababu wa gari kila mtu nyumbani anaushika. Kama unasafiri kwa muda mrefu, uliza kituo cha polisi utaratibu wa kuitunza.

Tukija kwenye bastola yenyewe, wengi hukimbilia ya milimita 9 (huo ni upana wa risasi yake), nadhani kwa kuwa ndiyo inayotuna kiunoni pale kwenye nyama choma. Kwa shabaha mimi nashauri .22, ya risasi ndogo (upana huo ni wa inchi, kama milimita 5.6). Haina teke kubwa, yaani haisukumi mkono sana inapofyatuka, na teke ndilo linaloharibu wanaoanza: mkono hushtuka kabla risasi haijatoka, mtutu unainama, risasi inapiga chini. Mtu wa namna hiyo atalaumu bastola mwaka mzima. Kwenye Olimpiki mashindano ya mita 25 hupigwa kwa .22, na ya mita 10 kwa bastola ya upepo ya milimita 4.5, ambako duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5, kama kifungo cha shati. Yule Mturuki Yusuf Dikeç, aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris 2024 huku mkono mmoja uko mfukoni, alikuwa na hiyo ya upepo. Sijui wangapi waliosambaza picha yake walilitambua hilo.

Vumbi letu nalo lina mambo yake. Mafuta ya silaha yapakwe kidogo sana; ukimwagia, yanashika vumbi na kugeuka tope ndani. Na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu na chuma hupata kutu hata huku kwetu kwenye ukame.

Lingine: usiende kujifunzia kwenye mawe ya porini. Risasi ikigonga mwamba hujui itarukia wapi, na hata hiyo .22 husafiri zaidi ya kilomita moja. Huko porini kuna watoto wanachunga mbuzi.

Jana rafiki yangu kanipigia. Sefu ameshaulizia, bei imemkera, anasubiri mwisho wa mwezi. Nikamuuliza nyumbani kwake kigoda kiko wapi.

Akanyamaza kidogo. "Chumbani kwetu. Mdogo alikuwa anatafuta mpira wake."