Sensa iulize lugha ya nyumbani

Mwaka 1967 ndio wa mwisho kwa sensa ya Tanzania kuuliza kabila na dini. Tangu hapo karani huandika umri, elimu, kazi, hata paa limeezekwa kwa nini. Madodoso ya 2002 na 2012 yaliuliza pia kama mtu anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili, Kiingereza au lugha nyingine. Anaongea nini na wanawe? Hilo halikuulizwa.

Wanaotaka iendelee hivyo wana hoja nzito. Kenya huuliza kabila, na mwaka 2010 serikali yake ilifuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini kutoka sensa ya 2009, kwa kuwa idadi zilipanda kupita kiasi. Kule idadi ya watu huamua majimbo na fedha. Nchini Rwanda, kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930 ndilo lililotazamwa kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hapa kwetu, mwaka 2012, baadhi ya Waislamu walitaka dini iulizwe, na wengine wakasusia kuhesabiwa. Walikuwa na haki ya kukerwa na asilimia za kukisia za waumini wa kila dini zinazotajwa kama kweli. Hata hivyo zahanati hujengwa kwa kufuata idadi ya watu na umbali, wala si dini yao, kwa hiyo kwa dini naunga mkono uamuzi wa serikali.

Lugha ni suala jingine, na wanaotaka iulizwe huitwa wenye ukabila bila haki. Mtoto wa Endulen, wilayani Ngorongoro, anayeongea Kimaasai tu, au wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, anayeongea Kihadza, huanza darasa la kwanza kwa Kiswahili. Wako wangapi, katika kata zipi? Afisa elimu hana pa kutazama. Mara nyingi makadirio huchukua sehemu ya kila kabila mwaka 1967 na kuikuza kwa kasi ya ongezeko la taifa zima, kana kwamba hakuna aliyehama, aliyeoa kabila jingine, wala aliyelea watoto kwa Kiswahili. Mji wa Arusha ulikuwa na watu elfu 32 hivi mwaka huo. Mwaka 2022 jiji lilihesabu 617,631. Mtoto wa baba Mwiraqw na mama Mchaga, mzaliwa wa Sakina, Arusha, yumo wapi katika makadirio hayo? Na kwa Wahadzabe, wasemaji wa Kihadza, ambao hukadiriwa kuwa elfu moja na ushee, kosa la watu 300 linatosha kupotosha kila mpango unaowahusu.

Namna ya kuuliza ndiyo yenye kazi. Swali liwe: nyumbani mnaongea lugha gani zaidi? Majibu mawili yaruhusiwe, maana kaya nyingi za Moshi huchanganya. Lijibiwe kwa kila mwanakaya, kwani bibi na mjukuu hawafanani. Orodha isiishie kwenye “Kichaga”: mtu wa Rombo na wa Machame wakiongea kila mmoja chake hawaelewani vizuri. Waarusha nao huongea Kimaasai lakini hujitambulisha mbali na Wamaasai. Swali la kabila lingezua ubishi mlangoni, la lugha halizui.

Tahadhari kubwa ni sampuli. Mwaka 2012 dodoso refu, lenye maswali mengi zaidi, lilitumika katika takriban asilimia 30 ya maeneo ya kuhesabia. Lugha yenye wasemaji waliokusanyika maeneo machache ikirukwa, inatoweka kabisa. Eneo lake moja likichaguliwa, uzani wa takwimu, yaani kuzidisha majibu ya sampuli ili yawakilishe watu wote, unaweza kuwazidisha mara tatu. Kata za namna hiyo katika Karatu, Mbulu na Ngorongoro ziulizwe zote. Matokeo yatolewe kwa kata, na penye wasemaji wachache mno yaishie ngazi ya wilaya, ili kaya isitambulike.

Makarani nao wafunzwe kutojaza kwa kukisia. Karani akisikia jina Mollel, ataandika Kimaasai kabla hajajibiwa, wakati watoto wa nyumba hiyo huenda wanaongea Kiswahili peke yake.