Baraza lilikuwa likinyamaza

Tangazo la kifo redioni lilikuwa na mpangilio wake, na mpangilio huo haukubadilika. Msomaji anamtaja anayetangaza msiba, anamtaja marehemu, mtaa au kijiji alichofia, pahala atakaposaliwa na saa ya maziko. Kisha inakuja ile orodha: habari ziwafikie fulani wa Mkoani, fulani wa Makunduchi, fulani wa Tumbatu Jongowe, na jamaa wote popote walipo. Kwetu Wete, Pemba, ikifika hapo baraza zima lilikuwa likinyamaza. Aliyeshika kikombe cha kahawa hakinywi. Mtu aliweza kulisikia jina la shangazi yake pale pale mbele ya watu, na wenzake wakajua kabla hajafungua mdomo.

Nimeanza na vifo kwa sababu ndipo yalipoanzia mabishano ya barazani kwetu wiki chache zilizopita. Ami yangu, mzee ambaye redio ndogo haimtoki mkononi, alisema redio za siku hizi hazina haya. Mtangazaji anacheka peke yake, anaruka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndani ya sentensi moja, anazungumza juu ya wimbo mpaka maneno ya wimbo hayasikiki, na kibwagizo cha kituo kinapigwa mara nyingi kuliko taarifa ya habari. Kijana mmoja anayetengeneza simu hapo jirani akamjibu kwa adabu: "Ami, nyinyi mlikuwa mkiisikiliza kwa kuwa hamkuwa na jengine." Ami akamtazama, akasema: "Na nyinyi hilo jengine mnalo, na hamlisikilizi."

Maneno hayo mawili nimekaa nayo tangu usiku ule. Nakiri nilipoondoka barazani nilikuwa upande wa ami. Sasa siko huko moja kwa moja.

Kwanza, hiyo redio tunayoililia ni ipi? Sauti ya Unguja ilianza 1951, enzi za Sultani na Muingereza. Baada ya Mapinduzi na Muungano wa 1964 ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na makao yake Raha Leo yakawa jina ambalo kila mtoto wa visiwani alilijua hata kama hajawahi kuvuka bahari kwenda mjini. Leo ni redio ya Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Kwa miaka mingi mtambo wa Dole ulirusha matangazo kwa masafa mafupi, jioni kwenye kilohezi 11735, na mawimbi ya masafa mafupi yana tabia yake: hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga, yakateremka mbali sana na yalikotoka. Ndiyo maana Mzanzibari aliyeko Muscat aliweza kuzungusha sindano taratibu, huku na huku, mpaka akasikia "Hii ni Sauti ya Tanzania Zanzibar" ikija na kuondoka kama mtu anayesema kwenye upepo. FM ina sauti safi zaidi, lakini mawimbi yake hunyooka. Yakimaliza upeo yamemaliza.

Lakini kwenye redio ile ile, kwa betri zile zile tulizokuwa tukizianika juani ili zipate nguvu ya taarifa moja zaidi, zilikuwemo pia sauti nyingine. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwepo tangu Juni 1957, ya Ujerumani tangu 1963, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilivuka mkondo bila kuomba ruhusa. Kumbukumbu zetu zimezichanganya zote. Mwezi Mei 2025 alipofariki Charles Hilary, mzaliwa wa Zanzibar, simu zetu zilijaa sauti yake na maneno ya "redio yetu ya zamani". Marehemu alipita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle na BBC, akamalizia kuwa msemaji wa Serikali ya Zanzibar. Kila aliyemlilia alikuwa akililia stesheni yake mwenyewe. Kwa hiyo anayesema redio ya zamani mara nyingi hasemi kituo. Anasema saa fulani ya jioni, taa ya chemni, na nani alikuwa amekaa pembeni yake.

Hoja ya ami kuhusu lugha, hata hivyo, siikubali nusunusu, naikubali nzima. Kiswahili sanifu kilipopangwa katika miaka ya 1930 kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Mtangazaji wa Raha Leo hakuwa akikariri lugha ya kitabuni, alikuwa akizungumza lugha ya nyumbani kwao, na akiizungumza kama mtu anayejua kwamba wengine watajipimia kwake. Dhali ilitoka dhali, ghaina ikatoka ghaina. Dhambi haikuwa zambi, na ghali haikuwa gali. Alitua pahala pa kutua. Jina la mtu lilitamkwa kamili, la baba yake na la babu yake, bila haraka. Mimi ukoo wa nusu ya watu wa Wete niliujua kwa sikio kabla sijaujua kwa macho. Tulijifunza kusoma kwa sauti skuli kwa kumuigiza msomaji wa habari, na mwalimu akikusifu alikwambia umesoma kama wa redioni.

Na muziki. Vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club vilirekodi nyimbo zao redioni, kikundi kizima kimekaa: fidla, ganuni, udi, nai, nyimbo inaanza na inamalizika bila kukatwa. Mpigaji akikosea, wanarudi mwanzo wote. Ukizisikiliza rekodi hizo unasikia chumba, unasikia watu wakisubiriana. Sisemi haya kwa kuidharau taarabu ya kinanda cha umeme, nayo nimeicheza harusini. Nasema tu kwamba redio ile ilikuwa inatengeneza muziki. Nyingi za leo zinacheza uliotengenezwa pengine.

Sasa nije kwa kijana wa simu, maana maneno yake yalikuwa mazito kuliko alivyoyasema.

Asubuhi ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, redio ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kutekwa, na sauti iliyosikika kutoka Raha Leo ilikuwa ya John Okello, akijitangaza Field Marshal na kutoa amri na vitisho ambavyo wazee wengine mpaka leo hawapendi kuvirejea. Wazee hao hao ndio wanaozipenda nyimbo zilizotoka kwenye stesheni ile. Yote mawili yamo ndani ya mtu mmoja. Baada ya hapo, kwa takriban miongo mitatu, kilikuwepo kituo kimoja tu cha visiwani, nacho cha Serikali. Sheria iliyounda Tume ya Utangazaji Zanzibar na kufungua mlango kwa redio za watu binafsi ilikuja 1997, baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi. Kabla ya hapo, kisichosemwa Raha Leo hakikuwa na pahala pengine pa kusemwa ndani ya Zanzibar.

Hapa ndipo kumbukumbu zinapotudanganya zaidi. Wimbo uliopigwa mara mia tunaukumbuka. Uliokataliwa hauna wa kuukumbuka, kwa sababu hatukuusikia. Habari iliyosomwa kwa Kiswahili kizuri imebaki masikioni, na ile iliyowekwa kando haikuacha hata mwangwi. Tukisema redio ya zamani ilikuwa na heshima, tuulize pia ni nani alikuwa na ruhusa ya kusema ndani yake.

Na sisi wa Pemba tuna la ziada. Tulikuwa wasikilizaji wazuri sana wa mji. Tulijua mitaa ya Ng'ambo kwa majina, tukajua mechi za Uwanja wa Amaan, tukajua kiongozi gani kafungua nini. Mji haukutusikia hivyo. Kipemba kikisikika redioni kilikuwa zaidi cha kuchekesha kwenye michezo ya kuigiza, na mtoto wa Micheweni akajifunza mapema kwamba lugha ya mama yake ni ya ndani tu, ya hadharani ni ile nyingine. Huo ndio upande wa pili wa ile sifa ya mwalimu, kusoma kama wa redioni. Nimeifurahia miaka mingi kabla sijatambua ilikuwa inanivua nini. Na Januari 2001, watu walipouawa kwenye maandamano hapa kwetu, kitu cha kwanza alichofanya baba ni kuzungusha sindano kuitafuta London, yaani BBC.

Leo Micheweni ina redio yake ya jamii. Mvuvi anaweza kuingia studio akazungumzia bei ya dagaa na bandari yake, kwa matamshi yake, na jirani akamjibu. Wanaoilaumu redio ya siku hizi kwa ujumla wake huwa hawazitaji redio kama hii. Wanazungumzia za mjini, zile za kelele. Ningependa ami asikilize ile ya Micheweni wiki nzima kisha tubishane upya.

Kwa hiyo naiona hivi. Lile tunalolililia zaidi, kisiwa kizima kusikiliza kitu kimoja kwa saa moja, lilizaliwa na ukosefu wa chaguo. Hilo haliwezi kurudi bila kuwanyang'anya watu walichokipata, na mimi silitaki kwa bei hiyo. Lakini ami hakukosea kuona kwamba pamoja na hilo tumeyatupa mambo ambayo hayakuhitaji kituo kimoja wala Serikali moja. Kutamka sawasawa hakuhitaji ukiritimba. Kumwachia muimbaji amalize ubeti wake hakuhitaji ukiritimba. Kituo chenye kibwagizo cha sekunde tano, kilichopigwa kwa udi na kutulia, kingekumbukwa miaka 40, na gharama yake ni ndogo kuliko ya ile milio ya bunduki na ving'ora inayonunuliwa tayari ikabandikwa jina la kituo.

Narudi kwenye vifo, maana hapo mizani yangu inalemea kwa ami bila wasiwasi. Siku hizi msiba unafika kwa WhatsApp, na unafika haraka. Mara ngapi nimewahi maziko ya saa saba kwa sababu ya ujumbe wa saa nne, na nashukuru. Lakini kundi la simu lina ukuta. Ndani yake wamo uliokwishawajua. Tangazo la redio lilikuwa halina ukuta, na yale maneno "popote walipo" hayakuwa mapambo. Baba aliwahi kusikia jina la mzee mmoja wa Konde ambaye zamani alimvusha kwa dau siku ya bahari chafu na akakataa kuchukua nauli. Hawakuwahi kuonana tena. Familia ya yule mzee haikumjua baba, na baba hakuwa na hata jina la mtoto mmoja wa marehemu. Alilisikia jina akiwa ananyoa ndevu. Akafuta povu upande uliobaki haujanyolewa, akavaa kanzu, akaenda kusimama kituo cha gari. Alirudi magharibi, na hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba ameuliza kama marehemu ana deni, akaambiwa hana.

Simu gani ingemfikishia habari ile? Matangazo ya vifo bado yanaweza kusomwa hewani, kwenye ZBC na kwenye redio za jamii, kwa utulivu ule ule, na yawekewe saa yake isiyoguswa na matangazo ya biashara. Hiyo ni kazi ambayo chombo kingine chochote tulichonacho hakijaiweza. Kijana wa simu nilipomweleza kisa cha baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama redio zinaweza kuiweka ile orodha ya vifo mtandaoni pia, kwa tarehe, ili aliyeko nje aitafute. Sikuwa nimelifikiria hilo. Ni wazo zuri kuliko langu.

Limebaki jambo moja ambalo halisubiri mabishano yetu yaishe, nalo ni kanda. Siti binti Saad alifariki 1950, mwaka mmoja kabla ya redio kuanza Unguja. Sauti yake tunayo kwa sababu mwaka 1928 alisafirishwa hadi Bombay akarekodiwa kwenye santuri, na santuri zikasambaa majumbani. Waliokuja baada yake, wa zama za redio, sauti zao ziliwekwa kwenye kanda za sumaku, na kanda ya sumaku haiupendi unyevu wa kisiwa. Gundi inayoushika ule unga wa sumaku hulainika, ukungu ukaingia, na siku ukiipitisha kwenye mashine inakwaruza na kuacha unga wake kwenye kichwa cha mashine. Kanda iliyofikia hapo wakati mwingine huchezwa mara moja tu, ya mwisho, na mara hiyo lazima iwe inanakiliwa.

Na si kanda za studio peke yake. Wengi wetu tulirekodi kutoka redioni, kaseti imewekwa mbele ya spika, mlango umefungwa ili mbuzi asisikike. Humo mna nyimbo, mna wasomaji wa habari, mna vibwagizo ambavyo hata wenye kituo hawakufikiria kuviweka. Mna vifo pia, kwa bahati, pale mtu aliposahau kuizima. Nimeanza na kaseti za nyumbani kwetu, zilizokuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda cha mama. Zipo saba. Tano nimeshazinakili kwenye kompyuta ya yule kijana wa simu, ambaye hataki nimlipe. Mbili hazizunguki tena, na kwenye moja ya hizo mbili baba ameandika kwa kalamu ya wino: Idd, usizime.