Deni la karo haliketi kwenye benchi la mtoto

Katikati ya muhula, katika chekechea nyingi za miji yetu ya Uganda, huja asubuhi ambayo mwalimu hukabidhiwa karatasi ya majina ya watoto wanaodaiwa karo kabla ya kengele. Watoto waliotajwa hutolewa mstarini, huketishwa kwenye benchi karibu na ofisi, na hubaki hapo hadi apatikane mtu wa kuwarudisha nyumbani. Wengine wana miaka mitatu. Anayewatoa ni mwalimu yuleyule anayewafunga viatu na kuwapangusa machozi, na ndiyo maana suala hili naliona la maadili ya kazi kabla ya kuwa la fedha: je, mlezi wa watoto wadogo anaruhusiwa kumtumia mtoto ili kumbana mzazi?

Wenye shule wana hoja, nayo si ya uongo. Sheria ya Elimu ya 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na mashirika, na ruzuku ambayo serikali hupeleka shule za msingi chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza 1997, haiwafikii. Mshahara wa walimu, kodi ya jengo, unga wa uji na kuni za kuupikia, vyote hutoka kwenye karo. Wapo pia wazazi, tusifichane, ambao hulipa siku mtoto anaporudishwa na si siku nyingine yoyote. Chekechea ikifungwa kwa madeni, hata mtoto wa aliyelipa hukosa pa kwenda.

Hata hivyo, wanaotaka mtoto abaki darasani wamezoeleka kuonekana watu wenye huruma wasiojua hesabu, na hapo wanaonewa. Hesabu wanaijua, ila wanaianzia nyumbani kwa mzazi. Chukua mama anayeuza nyanya Busia, au baba anayeendesha bodaboda: riziki yao huja kwa siku, ikipanda siku ya soko na kushuka mvua inaponyesha, ilhali shule inadai fedha za miezi mitatu kwa mkupuo, wiki ya kwanza. Mzazi wa namna hiyo anaweza kumaliza karo yote kabla ya muhula kwisha na bado jina lake likasomwa mara mbili mbele ya watu. Anaitwa mkaidi, kumbe kalenda ya shule na kalenda ya mkate wake hazikutani.

Lakini hasara inayonisumbua zaidi haiandikwi kwenye daftari la mhasibu. Kazi kubwa ya mwalimu wa chekechea na familia hufanyika langoni, katika zile dakika mbili za asubuhi na jioni. Hapo ndipo mama husema kwamba mtoto hakulala kwa homa, au kwamba baba amesafiri na mtoto anamlilia. Hapo ndipo mwalimu naye husema kwamba mtoto haitiki anapoitwa kutoka nyuma, na pengine masikio yake yapimwe. Mzazi anayedaiwa huacha kufika langoni. Humtuma dada wa jirani, au humpandisha mtoto bodaboda amteremshe mbali kidogo na shule, kwa sababu hataki kukutana na mwalimu ambaye sasa amekuwa mdai. Wiki zinapita, na lile neno kuhusu masikio halifiki kwa mtu wa kulifanyia kazi. Deni huenda likalipwa kabla ya mitihani ya watoto wakubwa kuanza, lakini imani ya mama yule hairudi na risiti. Naye mtoto, asiyejua karo ni kitu gani, amejifunza kwamba mwalimu wake anaweza kumtoa kwa wenzake bila yeye kukosa lolote.

Maadili yaliyoandikwa hayana utata hapa. Kanuni ya NAEYC, chama cha walimu wa watoto wadogo cha Marekani, iliyopitishwa 1989, inaweka sharti la kutomdhuru mtoto juu ya masharti mengine yote, na inataja waziwazi matendo ya kumtweza na kumtisha. Karibu nasi zaidi, Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha pili kinataka mtoto alindwe asiadhibiwe kwa sababu ya hali au matendo ya wazazi wake. Benchi la ofisini ni adhabu, hata kama hakuna aliyeliita hivyo.

Kwa hiyo deni lidaiwe, tena kwa uthabiti, lakini kati ya watu wazima: makubaliano ya kulipa kwa wiki yaliyotiwa saini siku ya kuandikisha mtoto, simu kutoka kwa mhasibu, kikao cha faragha na mkurugenzi. Katiba, katika kifungu cha 34, inasema elimu ya msingi ya mtoto ni jukumu la dola pamoja na wazazi. Kwa miaka ya chekechea dola imekaa kando, na pengo hilo halipaswi kuzibwa na mtoto. Wala tusimtwike mwalimu peke yake mzigo wa kukataa ile karatasi, maana anayeikataa leo anaweza kukosa kazi kesho. Karatasi hiyo huandikwa ofisini, na ni mkurugenzi anayeweza kuamua isiandikwe.