Klemu yangu ilivyopitishwa na mkutano wa tabianchi

Watu wakisikia nafundisha siasa za kimataifa na mazingira chuo kikuu wananipa heshima ambayo ofisi ya fedha haijawahi kunipa. Wananiuliza hii vita itaisha lini, mafuta yatapanda au yatashuka, na mi najibu kwa sauti nzito kabisa, kumbe muda huohuo kichwani napiga hesabu kama saa za kusahihisha mitihani zinaingia kwenye klemu, yani fomu ya kudai malipo, au haziingii. (Haziingii. Pati taimu unalipwa saa ulizosimama mbele ya darasa basi. Kuandaa somo ni mapenzi yako, kusahihisha ni mapenzi yako, na yule mwanafunzi anayekudaka koridoni nusu saa nzima anataka umweleze kwa nini Umoja wa Mataifa hauna polisi wake, huyo naye ni mapenzi yako.)

Semista hiyo nilikua na vyuo viwili. Kimoja siasa za mazingira, kingine nadharia za uhusiano wa kimataifa, na kuna siku ya wiki ratiba zilikua zimebanana, nikitoka huku naingia kule, hakuna hata pa kumezea mate. Afadhali cha pili kilikua kwa Zoom kwahiyo nilichohitaji ni sehemu tu ya kukaa. Ofisi sina. Walimu wa muda tuna chumba kimoja chenye meza moja, na printa moja ambayo wino wake natumia darasani kama mfano: mwanaikolojia mmoja, Hardin, aliandika mwaka 1968 kwamba kitu cha wote kila mtu atakikamua mpaka kife, halafu mtafiti Ostrom akapewa Nobel ya uchumi 2009 kwa kuonyesha watu wakikaa chini wakawekeana sheria zao wenyewe kinaweza kupona. Wino wetu uko upande wa Hardin.

Sasa siku yenyewe. Huku kwenye mazingira tulikua na mkutano wa kuigiza, ule wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi, kila mwanafunzi na nchi yake na kibao mezani, mimi mwenyekiti. Nyundo sina, natumia kifutio cha ubao, kile chenye mgongo wa mbao. Laptopu yangu nimeichomeka kwenye projekta ili rasimu ya maamuzi ionekane ukutani na kila mtu aone inavyorekebishwa, maana huko kwenye mikutano ya kweli wanafanya hivyohivyo, maneno ambayo bado hayajaafikiwa yanakaa kwenye mabano ya mraba mpaka mtu achoke. Anayechapa ni katibu, binti mmoja mkimya sana, anachapa haraka kuliko sisi tunavyoongea. Nilimwamini kabisa.

Nilijipangia tumalize mapema niwahi wale wa Zoom. Nilisahau hawa watoto wamenisikiliza semista nzima. Niliwafundisha mwenyewe kwamba mkutano wa Sharm el-Sheikh 2022 ulitakiwa kuisha Ijumaa ukaisha Jumapili asubuhi, na kwamba tangu mkutano wa kwanza kule Berlin 1995 nchi hazijawahi kukubaliana kanuni ya kupiga kura, kwahiyo kila kitu ni mpaka wote waafikiane, na mmoja akikaza basi mmekwama. Wakakaza. Saudia alikua na hoja ya utaratibu kila baada ya dakika chache. India anataka neno "fedha" litangulie kila aya. Urusi analalamika kwamba Doha mwaka 2012 mwenyekiti aligonga nyundo haraka haraka na yeye alikua anaomba kuongea, kitu ambacho ni kweli kilitokea, ila yeye wakati huo alikua darasa la ngapi sijui, mbona anaongea kwa uchungu namna ile. Nikaangalia saa ya ukutani kuona muda gani, naona imesimama. Brazil kapanda kwenye kiti katoa betri. Anasema Mheshimiwa Mwenyekiti, ni mila ya kidiplomasia, muda ukiisha tunasimamisha saa.

Simu mfukoni inatetemeka tu. Wale wa nadharia wameshaingia Zoom hawanioni, wameanza kuandikiana "mwalimu yuko wapi", "nani ana mamlaka hapa". Somo la siku hiyo lilikua anakia, yani mfumo wa dunia usio na mkubwa juu ya nchi, kwahiyo kwa namna fulani somo lilikua linaendelea. Nikasema naomba mapumziko ya mashauriano, nikatoka koridoni kuwatuliza kwa simu.

Laptopu nimeiacha. Imechomekwa. Na imeili iko wazi.

Huku nje nawaelezea wale wa Zoom wajigawe makundi wajadili kwa nini nchi ndogo hujiunga na nchi kubwa, huku ndani (hii nilikuja kusimuliwa baadaye) katibu alikua anatafuta rasimu ya tatu, pale kwenye kona ya skrini kikachomoza kiboksi kinasema umepata ujumbe mpya, akabonyeza akijua ni mjumbe katuma marekebisho. Haikua marekebisho. Ilikua ofisi ya fedha. Ukuta mzima, herufi kubwa kama za tangazo: "RE: RE: RE: RE: Kumbusho, malipo ya semista iliyopita." Chini yake jibu: ndugu mwalimu, tunaomba utume upya fomu ya madai, iliyotangulia haionekani. Na chini ya hapo, kwa sababu imeili ni kitu kisichojua kutunza siri, barua zangu zote zilizopita, kuanzia ile ya kwanza ya "natumaini mu wazima wa afya" mpaka ile ya mwisho ambayo haina salamu kabisa.

Nikarudi ndani nikakuta kimya ambacho sijawahi kukipata hata siku ya mtihani. Wote macho ukutani. Nikakimbilia laptopu, Uchina akanyoosha kibao chake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hii ni nyaraka ya mkutano?"

Nikasema hapana, hii ni ya kwangu binafsi, tunaendelea na aya ya nne. Visiwa Vidogo wakaomba kuongea. Visiwa Vidogo alikua kijana mmoja mwembamba mwenye sauti ya muhubiri, akasimama kabisa.

"Mwenyekiti, mwaka 1991 Vanuatu kwa niaba ya visiwa vidogo iliomba dunia iweke utaratibu wa bima kwa ajili ya bahari inayopanda. Mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi, ukaja kukubaliwa 2022. Miaka 31. Tunajua uchungu wa fomu isiyoonekana. Tunapendekeza suala la mwenyekiti liingizwe kwenye ajenda."

Meza zikagongwa. Nikajaribu kusema ajenda imeshapitishwa, Brazil akaniuliza kwani saa ni ngapi. Nikaangalia ukutani kama mjinga.

Kilichofuata ndo mjadala mzuri kuliko yote niliyowahi kusimamia, na inaniuma kusema hivyo. Kundi la nchi 77 na Uchina, yani nchi zinazoendelea, walitaka chuo kitajwe kama mchafuzi wa kihistoria wa madeni. Umoja wa Ulaya wakasema wako tayari kuelewa ila wanataka uwazi na namna ya kuhakiki saa nilizofundisha, kila semista, kwa fomu ya pamoja. India akaleta ile kanuni ya majukumu ya pamoja yanayotofautiana kulingana na uwezo: mwalimu ana jukumu la kujaza fomu, chuo kina jukumu la kulipa, ila tusijifanye majukumu haya yanalingana uzito. Hapo nilijikuta natikisa kichwa kukubali, nikaacha haraka. Marekani ndo akakaza. Neno "fidia" hakulitaka hata kulisikia, akakumbusha kwamba hata kwenye mkutano wa Paris 2015 walikubali kipengele cha hasara na uharibifu kwa sharti lililoandikwa kwenye uamuzi kwamba hakitakuwa msingi wa dhima wala fidia. "Tukikubali fidia kwa mwalimu mmoja," akasema, "walimu wote wa muda watajipanga mlangoni." Mtoto wa miaka ishirini huyo. Ningekua mimi ndo chuo ningemuajiri siku hiyohiyo, kwa mkataba wa kudumu.

Na katibu anachapa. Ukutani ikawa inasomeka hivi: "Mkutano [unahimiza] [unaomba] [unataka] chuo kilipe [malipo] [fidia] [mara moja] [ndani ya muda muafaka] [kadiri hali itakavyoruhusu]."

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa idara. Alikuja kuangalia kwa nini chumba hakijaachwa, kuna darasa lingine nje. Akafungua mdomo, Ujerumani akamuwahi kwa adabu zote, "Shikamoo Prof, karibu, watazamaji wanakaa nyuma," akamvalisha beji ya karatasi. Profesa wa watu akakaa. Sijui kwa nini alikaa, nadhani ni ile beji. Akanyoosha mkono aongee, akaambiwa watazamaji hupewa nafasi mwisho, muda ukiruhusu, baada ya nchi wanachama. Akashusha mkono. Halafu akaanza kusoma ukuta. Namuona midomo inacheza, "kadiri... hali... itakavyo..."

Pale nikaona yatosha. Nikachukua kifutio nikagonga meza paa, kwa nguvu, nikitaka kusema jamani kimya, tawanyikeni.

Sasa mtu aliyesoma hii kozi anajua mwenyekiti akigonga nyundo maana yake nini. Uamuzi umepita. Kukawa na sekunde moja ya watu kuangaliana, halafu chumba kikalipuka, vifijo, watu wanakumbatiana, Saudia na Visiwa Vidogo wameshikana mikono juu kama viongozi kwenye ile picha ya Paris, Urusi peke yake kakaa anasema alikua anaomba kuongea. Marekani analalamika mabano hayajaondolewa. Na katibu wangu mkimya, mchapakazi, yule niliyemwamini kabisa, akafanya kile ambacho katibu yeyote makini hufanya baada ya nyundo: akausambaza uamuzi kwa pande zote. Imeili iliyokua wazi mbele yake ilikua ya ofisi ya fedha. Akajibu hapohapo. Kwa wote. Kwenye ile orodha mimi kwa hasira zangu nilikua nimeshawaweka mkuu wa idara, mkuu wa kitivo na ofisi ya wafanyakazi.

Kwahiyo rasmi, kwa kumbukumbu zilizopo, mimi niliitisha mkutano wa kimataifa, nikawa mwenyekiti wake, nikapitisha azimio la kulipwa mwenyewe, na nikalituma kwa uongozi likiwa na mabano.

Mkuu wa idara aliinuka, akavua beji akaikunja vizuri akaitia mfukoni, akanisogelea. Nikajiandaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuchukua na kozi ya siasa za maji ya mito inayovuka mipaka, mwalimu wake kaondoka, malipo ni ya saa kama kawaida.

Wale wa Zoom niliwakuta wamebaki wachache, wamejichagulia kiongozi, na kiongozi kashapinduliwa.

Jibu la ofisi ya fedha lilikuja wiki iliyofuata, fupi tu, kwamba azimio limepokelewa, fomu bado haionekani, na kwa kuwa mahesabu ya semista yameshafungwa suala hili litaingizwa kwenye malipo ya semista ijayo. Niliwasomea darasani nikitegemea wasikitike na mimi. Wakafurahi balaa, India akapiga makofi kabisa, kanuni ya 16 ya rasimu ya taratibu za mikutano ya tabianchi inasema hivyohivyo, ajenda isiyomalizika inahamia yenyewe kikao kijacho. Tulivyokua tunatoka Visiwa Vidogo akanifuata, akanishika bega kwa huruma.

"Usijali Dokta. Imebaki miaka 30 na nusu."