Fehu, mali, na ndugu wasiosalimiana

Jumamosi nimeenda na shoga yangu, wa Tanga kama mimi, kwenye soko la mambo ya kale huku Hamburg, akakaa kwa dada mmoja anayeagulia kwa mawe ya runi, zile herufi za kale za Ulaya kaskazini, katoa euro 20, kavuta jiwe, likatoka Fehu, runi ya F. Dada kafumba macho weeee, halafu "mali inakuja, Freyja anakufungulia njia", Freyja yule mungu wa kike wa Skandinavia ya kale. Mwenzangu kachekelea mpaka ndani ya treni, mimi nimenuna, naambiwa nina wivu.

Wivu wa nini jamani. Fehu ni mifugo, ndo mali ya enzi hizo, hapo sibishi. Ila shairi la kale la Norway, lile linalozipitia runi 16 moja moja, linaanza na hiyohiyo Fehu na linasema mali inaleta fitina kwa ndugu, mbwa mwitu analelewa msituni. Basi, wanahamia runi nyingine. Freyja hatajwi hata kwa bahati mbaya! La Iceland nalo lilelile, fitina ya ndugu. La Kiingereza cha kale kidogo lina huruma, linasema mali ni faraja ila uigawe kwa wingi kama unataka heshima mbele ya Bwana. Sasa mimi ambaye baba zangu wadogo wawili hawasalimiani hata msibani kisa minazi ya babu, nikilisikia shairi la Norway nasikia watu wanaonijua kabisa, wamekaa baridini huko na wao wanagombania ng'ombe, halafu leo mtu anaichukua hekima chungu namna hiyo anaitia sukari anakuuzia.

Na mfukoni ana mawe 25. Runi za zamani kabisa ni 24, zile 16 za shairi ni za baadaye. Hilo la ziada ni tupu, halina hata mchoro, ati la Odin, mkuu wa miungu yao, kumbe kalitia Mmarekani Ralph Blum mwaka 1982. Nina kaka mkubwa kuliko hilo jiwe.

Kilichoniudhi zaidi, kwenye karatasi yake ile runi ya S kaandika "ushindi". Ni JUA. Ushindi ni wa Guido von List, mzee wa Vienna aliyefungwa bandeji machoni miezi 11 mwaka 1902 akatoka na runi zake 18 anadai kafunuliwa, baadaye SS, kikosi cha Hitler, wakaibandika hiyo ya S mbilimbili kolani. Na wewe unaiuza Ujerumani hapahapa, na mishumaa juu.

Haya, nakubali, uganga ulikuwepo. Odin alijitundika mtini usiku tisa, kachomwa mkuki, hana mkate wala maji, ndo akazipata runi. Ukichonga runi za kuombea ushindi kwenye upanga unamtaja Tyr, mungu wa vita, mara mbili. Na kuna runi walikuwa wanazikwangua wanazichanganya kwenye pombe ya asali, watu wa pwani hapo mshaelewa, kombe hilo, maandishi ya dua yanayooshwa yakanywewa, tofauti ni kinywaji tu.

Nikamuuliza yule dada maana zake kazitoa shairi la nchi gani. Akanishika mkono, "runi zinasomwa kwa moyo".

Kwenye saga ya Egil, hadithi ya kale ya Iceland ya shujaa mshairi, kuna binti anaumwa, kitandani mwake mna mfupa wa nyangumi, kijana mmoja kauchonga runi za kumpata kwa mapenzi, kakosea herufi. Egil akazikwangua, akautupa mfupa motoni, akasema asiyejua kuzisoma runi asizichonge. Yule kijana naye alichonga kwa moyo.