Keki ya Nyuzi 350

Mama mdogo wangu huoka keki ya Krismasi kama wanavyooka wanawake wengi wa Njombe: sufuria kubwa yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, sufuria ndogo ya keki ndani yake, mfuniko wa bati, na mkaa mwingine juu ya mfuniko. Keki hiyo haijawahi kukataa kuiva. Lakini mwaka ule binamu yangu aishiye Marekani alituletea boksi la unga wa keki uliokwisha kuchanganywa na sukari na baking powda, hivi kwamba mpishi anabakiwa na kazi ya kuongeza mayai matatu, mafuta na maji, basi. Na kwa kuwa nyumbani palikuwa na oveni mpya ya umeme, ambayo hadi siku hiyo ilitumika kuhifadhia masufuria, iliamuliwa kwamba mkesha wa Krismasi tuoke kisasa.

Shughuli ilisimamiwa na baba mdogo, mwalimu mstaafu wa hisabati. Si kwamba alijua kupika. Ni kwamba boksi lilikuwa na namba, na katika nyumba ile chochote chenye namba ni mali yake. Alivaa miwani, akasoma maelekezo kwa sauti ya msimamizi wa mtihani, nami nikapiga mayai kadiri nilivyoamriwa. Mama mdogo alionja rojo kwa ncha ya kidole, akaguna, asiseme neno.

Tatizo lilianzia kwenye joto. Boksi lilitaka nyuzi 350, ilhali kitufe cha oveni, hata kizungushwe kwa nguvu namna gani, kilikomea 250.

"Mwalimu, labda tuwashe mkaa tu," alisema mama mdogo.

"Mkaa wa nini? Hili ni suala la uwiano kinyume," alijibu baba mdogo, na tayari alikuwa amekwisha kuchomoa kalamu mfukoni. "Joto likipungua, muda unaongezeka." Akageuza risiti ya duka, akagawanya 350 kwa 250 akapata 1.4, akazidisha kwa zile dakika 35 zilizoandikwa kwenye boksi, akapata 49, kisha akalipigia jibu mistari miwili chini yake. Nakiri kwamba hesabu yenyewe haikuwa na dosari hata moja.

Hatukufika dakika ya 49, wala hata nusu yake. Moshi ulianza kutoka pembeni mwa mlango, mwanzo mwembamba na wenye harufu nzuri ya vanila, halafu mzito, halafu wa kutufukuza jikoni sote isipokuwa baba mdogo, ambaye alibaki akitazama saa yake. Mlango ulipofunguliwa, tuliiona keki imefanya gamba jeusi tii, gamba likapasuka katikati, na kutoka kwenye ufa huo rojo bichi linachuruzika polepole mithili ya volkano ya Ol Doinyo Lengai ikiwa imeamka vibaya. Mama mdogo alichoma kijiti cha mshikaki kupima kama imeiva. Kijiti kiligonga "ko!", kikazama, kikatoka kinadondosha uji.

Aliyegundua kiini cha tatizo ni binti yangu wa darasa la sita, aliyekuwa ameketi juu ya gunia la viazi akilisoma boksi kwa raha zake. "Babu," aliuliza kwa adabu, "hii F iliyo mbele ya 350 ni ya nini?"

Ikumbukwe kwamba baba mdogo, katika maisha yake yote ya ualimu, alimpa sifuri kila mwanafunzi aliyeandika jibu bila kizio. Mimi mwenyewe niliwahi kunyimwa alama kwa kuandika 12 pasipo sentimita. Alilichukua boksi, akalisogeza karibu na taa, na ili kugeuza nyuzi za Farenhaiti za boksi kuwa za Selsiasi za oveni, akatoa 32, akazidisha kwa 5, akagawanya kwa 9. Ilikuwa 177 kasoro kidogo, joto ambalo oveni yetu ingeliweza bila hata kutokwa jasho.

Kwa kujitetea, alitafuta maandishi mengine ubavuni mwa boksi, akapata yale yanayowataka wakazi wa juu ya futi 3,500 waongeze unga na maji, kwa kuwa mahali palipoinuka mgandamizo wa hewa ni mdogo na keki huumuka upesi kisha ikabonyea. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. "Mnaona?" alisema, huku akipata nguvu upya. "Hata joto lingekuwa sahihi, hewa ya hapa ingetuangusha." Hakuna aliyebisha. Binti yangu, hata hivyo, alikwisha kuleta kalamu nyekundu, aliizungushia ile F duara, akaandika "Kizio?" pembeni, akampa babu yake boksi atie saini ya mzazi. Naye, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akatia.

Wakati huo mama mdogo alikuwa uani, mchanga umekwisha kupata moto. Baba mdogo alimfuata na kumwuliza mkaa wa juu unapaswa kufika nyuzi ngapi. Mama mdogo alimpokonya boksi, akachana upande wenye saini, akampa apepee.